Hesabu ya Wakati na Uaminifu katika Falsafa ya Mbiti

John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha kitabu chake African Religions and Philosophy mwaka 1969, alipokuwa akifundisha Makerere. Humo alijenga nadharia ya wakati juu ya msingi wa lugha. Alichambua nyakati za vitenzi vya Kikamba, akaona kwamba zile tatu zihusuzo mambo yajayo huishia kwenye miezi sita hivi, au miaka miwili kwa upeo wake. Kwa hiyo alihitimisha kwamba katika fikra za jadi wakati uliopita ni mrefu, uliopo upo, na ujao karibu haupo. Vipimo viwili vya wakati huo aliviita kwa maneno ya Kiswahili: Sasa na Zamani.

Hoja hii ina udhaifu wa kiisimu. Kiambishi -ta- cha Kiswahili hutumika kwa jambo la kesho na kwa la Siku ya Kiyama. Wala haisemwi kwamba Mswahili hazitofautishi siku hizo mbili. Sarufi huonyesha yale ambayo lugha humlazimu msemaji kuyabainisha, si mpaka wa yale awezayo kuyawaza. Katika hesabu hali ni hiyo hiyo. Hakuna aliyepata kuziona namba zote. Lakini ajuaye kuhesabu mbuzi zizini ajua pia kwamba kila idadi yaweza kuongezwa moja. Elimu yake imo katika kanuni, haimo katika orodha ya vitu alivyokwisha kuviona.

Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan. Jibu zito zaidi, hata hivyo, limo Ukambani kwenyewe. Mbiti alikubali kwamba mambo yenye hakika ya kutokea, kama majira yanavyofuatana, yana nafasi katika wakati alioueleza. Lakini ahadi si majira. Katika mwethya, ushirika wa kazi wa majirani ujulikanao Kitui na Makueni, watu wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika shamba la mmoja wao wakitumaini kwamba naye atafika kwao. Mvua huja kwa maumbile yake; jirani huja kwa uaminifu, na aweza asije. Ndiyo sababu kuja kwake huhesabiwa kuwa wema. Nalo tuta hukusudiwa kuushika udongo kwa miaka mingi kupita ile miwili.

Kitabu hicho hicho chasisitiza kwamba mtu hupata utu wake katika jumuiya. Jumuiya haisimami pasipo ahadi, wala ahadi haina maana pasipo wakati ujao ambao aahidiye na aahidiwaye huutazamia pamoja. Hivyo maadili ya Mbiti yadai wakati ule ule ambao nadharia yake imeupunguza.

Sifa yake yabaki: alikifanya kitenzi kuwa ushahidi wa falsafa. Kilichosalia kwa wanaisimu ni kuchunguza, kando ya nyakati za vitenzi vya Kikamba, msamiati wake wa deni, ahadi na urafiki.