Je, Akili ya Mwimbaji ni Moja?

Kitabu cha Bwana Howard Gardner, Frames of Mind, kilichotolewa Marekani mwaka 1983, kimeenea sana miongoni mwa walimu. Humo alisema kwamba akili ya mwanadamu si kitu kimoja kipimwacho kwa mtihani mmoja, bali ziko akili saba: ya lugha, ya hesabu na hoja, ya muziki, ya maumbo, ya mwili, ya kuwaelewa watu, na ya kujielewa nafsi. Twamshukuru kwa kumtoa mwimbaji katika safu ya watumbuizaji tu na kumkalisha pamoja na wenye akili. Lakini je, mgawanyo wenyewe wasimama?

Na tuupime kwa mtu tumjuaye. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Hakupata elimu ya shule. Alitembeza vyungu akiuza. Alipohamia mjini alifunzwa kuimba, akahifadhi kwa sikio. Mwaka 1928 alivuka bahari hata Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Na taarabu, iliyozoewa kuimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, ikasikika kwa Kiswahili mbali na Unguja.

Sikio lake lilikuwa sikio la muziki, hapana shaka. Lakini nyimbo zake zilisimulia pia mambo ya mji, hukumu za mahakama na dhuluma walizotendewa wanyonge. Kuchagua neno la mafumbo, ambalo mkubwa hupita juu yake asilione, na mtu wa Ng'ambo akalicheka papo hapo, ni kazi ya lugha. Kujua ni nani aliyeketi barazani, na leo moyo wake una nini, ni kazi ya kuwaelewa watu. Tena hakutunga peke yake. Wenzake wa chama walikuwamo katika utunzi. Ondoa hayo yote, ubakize akili ya muziki tupu: utapata koo zuri, wala hutampata Siti.

Bwana Gardner hujibu kwamba akili hizo hushirikiana. Ni kweli asema hivyo. Ila kama hazionekani kazini isipokuwa zimeshirikiana, yatupasa kuuliza zilitengwa kwa kipimo gani. Wapinzani wake wameonyesha kwamba afanyaye vema katika mtihani wa namna moja huelekea kufanya vema katika mingine pia.

Kwa walimu hili si neno dogo. Tumesikia ikisemwa juu ya mtoto hodari wa ngoma: "Huyu akili yake ni ya muziki," kisha kitabu kikaondolewa mikononi mwake kwa upole. Zamani aliitwa mjinga. Sasa asifiwa, naye yu nje ya mlango ule ule.

Kasoro nyingine ni mfano wake wa Yehudi Menuhin, aliyetekwa na fidla tangu utotoni. Menuhin alipiga kwa ajabu, lakini zaidi kazi za watu wengine. Kupiga na kutunga vyatiwa katika chumba kimoja. Katika Creating Minds, kitabu chake cha mwaka 1993, Bwana Gardner alimchukua Stravinsky mtunzi, nasi twaona aliandika vizuri zaidi humo, kwa kuwa alilazimika kufuata maisha ya mtu mmoja badala ya kugawa vichwa.