Roho ya Baba

Asubuhi moja kijana wa mtaa wa Kibera, Nairobi, anamkuta baba yake amelala, anapumua, anaweweseka, lakini mwenyewe hayupo. Roho yake imechukuliwa. Ndivyo inavyoanza Soul Boy, filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora. Nimeitazama mara nyingi, na bado sijaona filamu ya Kenya iliyoishika hofu ya mtoto kwa mkono mtulivu kama huu.

Tukitaja filamu za kutisha, wengi huwaza damu, makaburi, mlango unaofunguka wenyewe usiku. Kumshtua mtu namna hiyo hakuhitaji ufundi mkubwa. Sauti kali tu yatosha. Kazi ngumu ni kumwogofya mtazamaji kwa kitu anachokijua. Mzazi akifa, jamii ina la kufanya: majirani huja, mchango hupitishwa, matanga hukaliwa. Lakini mzazi aliye hai akishapotea ndani ya nafsi yake, kwa pombe, kwa kamari, kwa madeni, hakuna anayekuja kuwapa watoto pole. Wanaomboleza peke yao huku marehemu akiomba chai.

Abila, kijana huyo wa miaka 14, anaambiwa kwamba baba ameipoteza roho katika kamari, mbele ya mwanamke asiye wa dunia hii. Ni Nyawawa. Waluo wa pwani ya Ziwa Victoria wanawajua Nyawawa kama pepo wapitao na upepo usiku, na desturi ni kupiga masufuria na mabati ili wapite wasiingie nyumbani. Sasa fikiria imani hiyo ikihamia Kibera, mahali ambapo bati ndilo ukuta, ndilo paa, ndilo lango. Kahora hakuhitaji kubuni zimwi jipya. Alilichukua la nyumbani, akalipa chumba katika kona yenye giza kuliko zote mtaani, na huko ndiko Abila anakokwenda kudai roho ya baba yake. Anapewa kazi saba za kutimiza.

Kazi saba! Hapo ndipo nilipotambua kilichokuwa kikinivuta. Hii ni ngano. Ni kijana yule yule wa hadithi za bibi, anayetumwa msituni alete kisichopatikana ndipo mzazi apone. Na Kibera yenyewe ni msitu kwa jina: Wanubi, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20, waliiita Kibra, yaani msitu. Miti imekwisha zamani. Vimebaki vichochoro, mitaro ya maji machafu, na reli inayopita katikati, na Essuman anavipiga picha kama vile msimulizi angetaja mto, pango na mlima. Mtaa ambao kamera za wageni zimezoea kuuonyesha kama tatizo, kwake ni nchi ya hadithi, yenye milango ya siri na watu wenye majibu.

Uamuzi ninaoustahi zaidi ni wa kutofafanua. Ukitaka, waweza kuisoma yote kama habari ya mwanamume aliyeshindwa na maisha na mtoto aliyejitwisha mzigo wake. Ukitaka, amini Nyawawa. Filamu haikulazimishi, wala haimcheki anayeamini. Vivyo hivyo kwa Shiku, rafiki anayeongozana na Abila. Kijana ana jina la Kiluo, msichana ana jina la Kikikuyu, na Kibera ilikuwa imeungua katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jamii hizo mbili zikiwa pande pinzani. Filamu haisimami kuwahubiria watu kuhusu hilo. Watoto wawili wanakimbia pamoja vichochoroni, basi.

Samson Odhiambo na Leila Dayan Opollo, waliowaigiza, hawakuwa nyota wa skrini. Filamu ilizaliwa katika mradi wa mafunzo ulioanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer, na ingekuwa rahisi watoto hao wafundishwe kulia kwa ishara. Badala yake Odhiambo ana uso wa mtoto anayefanya hesabu: nini kwanza, nani nimwombe, muda umebaki kiasi gani. Mtoto wa mzazi aliyepotea hana nafasi ya kulia. Anayejua hali hiyo ataitambua mara moja.

Huko Australia, mwaka 2014, Jennifer Kent alitoa The Babadook, kuhusu mjane na mwanawe wanaonyemelewa na zimwi lililotoka katika kitabu cha watoto. Ni kazi kubwa, na inatisha kuliko Soul Boy kwa mbali. Lakini pale mama na mtoto wamefungiwa ndani ya nyumba na huzuni yao. Abila anatoka nje. Kila kazi inamkutanisha na mtu mwingine, na woga wake unapita mikononi mwa mtaa mzima. Siamini mwandishi wa mahali pengine angeipanga hivyo.

Niliwahi kuitazama kwenye kibanda cha video Kawangware, si mbali na steji ya 56, mahali ambapo watu wamezoea filamu za ngumi zilizosimuliwa juu kwa juu na DJ Afro, na kila pigo lina kelele zake. Nilidhani wataichoka. Mwanzoni walipiga soga. Kisha zamu ya kelele ikaisha, zikabaki feni na jenereta la jirani. Kwenye benchi la mbele alikaa mtoto wa kama miaka tisa na baba yake, fundi aliyekuja na suruali yenye rangi za kazi. Abila aliporudi kumtazama baba yake kitandani, yule mtoto hakuitazama skrini. Aligeuka, akamwangalia babake usoni, akahakikisha, ndipo akarudi kwenye picha.

Filamu nzima ni kama saa moja tu. Itazame jioni na mwanao, na usimweleze chochote kabla haijaanza.