Misa Luba katika sinema

Vijana wa korali hapa Manguredjipa wanabishana juu ya Misa Luba, iliyopangwa na Padri Guido Haazen pamoja na waimbaji wake huko Kamina mwaka 1958. Wote wanasifu «Gloria», ambayo Pasolini wa Italia aliitia katika sinema yake ya Injili ya Mathayo (1964). Lakini «Sanctus» wengine hawataki iimbwe tena, kwa kuwa katika sinema ya Kiingereza If.... (1968) mwanafunzi mwasi anaipiga kwa santuri. Mimi sikubali. Sauti yake ilitoka katika wimbo wa kuagana, na kijana yule anaagana na utoto wake. Kati ya hizo mbili, ndiyo inayonigusa zaidi. Tuupime wimbo wenyewe, tusimhukumu anayeusikiliza.