Utamu Usio na Kiti

Kila kaskazi ikianza, orodha nazo zinaanza. Sehemu saba za kula aiskrimu Mombasa. Sehemu kumi. Juu kuna picha ya koni imeinuliwa, bahari nyuma yake, kucha zimepakwa rangi safi. Nazisoma zote, maana uandishi wa aina hiyo ndio unanilipia kodi ya nyumba tangu niache chuo, na naujua unavyopikwa. Orodha hizi hazihakiki aiskrimu, zinahakiki kiti. Kuna AC? Wi-Fi iko sawa? Ukuta unatoka poa kwa picha? Aiskrimu yenyewe inapewa neno moja, "tamu", halafu tunahamia kwa parking.

Lingekuwa jambo dogo kama tungekuwa tunazungumzia Limuru. Lakini Mombasa, kaunti ndogo kuliko zote Kenya, kuanzia Disemba hadi Machi inachemka. Upepo wa kaskazi unavuma, ila haupozi. Februari na Machi ndiyo miezi mibaya zaidi: unaoga, unajifuta, na kabla hujafunga vifungo vya shati ushalowa tena. Kwa joto hili kitu cha baridi si anasa ya wikendi. Ni riziki ya kila siku ya mtoto anayetoka madrasa, ya kondakta wa matatu, ya mama anayesubiri feri Likoni na mizigo miwili. Ukihakiki kiti, umemwandikia mgeni wa siku tatu. Mwenye mji umemfuta.

Basi mimi natumia kipimo kingine. Kitu cha baridi kihukumiwe kinavyokabiliana na jua la hapa.

Tuanze Nyali kwa malls, nisije nikaonekana nina chuki. Koni laini ina sifa zake. Inatoka kwa mashine papo hapo, haina chenga za barafu, ulimi unaipenda bila kufikiri. Lakini sehemu kubwa ya ulaini ule ni hewa. Mashine inapokoroga maziwa na sukari ili vigande, inaingiza hewa humo ndani; bila hewa ungeuziwa tofali. Kuna hewa ya kiasi na kuna hewa ya ubahili, na hapo ndipo bei inapodanganya. Toka nje na koni ya shilingi mia tatu saa nane mchana. Ukifika stage imeshuka hadi kwenye kiwiko. Hilo si kosa la koni. Ilitungwa iliwe ndani, na AC ni sehemu ya mapishi yake.

Ukipanda juu kidogo hadi Pirates, ule ufuo wa umma ambao jina lake rasmi ni Jomo Kenyatta, kiti hakuna. Kuna mchanga, ngamia, maboya ya kukodi, na jamaa wa baiskeli mwenye sanduku la aiskrimu za kiwandani. Hapa unanunua rangi. Nyekundu inabaki kwa ulimi hadi jioni, ladha yenyewe haikufikishi barabarani. Hata hivyo sijawahi kuona mtoto akiitupa. Mdomo uliojaa chumvi ya bahari hauna maswali mengi, na mwenye baiskeli analijua hilo kuliko mhakiki yeyote.

Sasa vuka daraja la Nyali urudi kisiwani, uingie kwenye maduka ya mithai na mikahawa ya Kihindi ya mjini, uagize kulfi. Kulfi ni maziwa yaliyochemshwa polepole mpaka yakapungua na kuwa mazito, yakatiwa iliki, pengine zafarani au pistachio, kisha yakagandishwa bila kukorogwa. Hewa haikupata nafasi. Ndiyo maana ni nzito mkononi na inayeyuka kwa madaha. Kwa kipimo cha jua, kulfi inashinda koni bila kutoka jasho. Lakini kuna wanaochukua njia ya mkato. Ukiona njano kali na huoni hata uzi mmoja wa zafarani, umelipia rangi tena, safari hii kwa bei ya juu.

Faluda ni kesi tofauti. Glasi ndefu, sharubati ya waridi chini, mbegu zilizolowekwa zikavimba, tambi nyembamba, maziwa baridi, na juu kabisa donge la aiskrimu. Wageni huiona imejaa vurugu. Mimi naona ni kinywaji kilichofikiriwa na mtu anayeishi kwenye joto. Aiskrimu ikiyeyuka kwenye koni ni hasara. Ikiyeyuka kwenye faluda inaingia kwa maziwa na kuyafanya mazito zaidi. Joto limepewa kazi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mapema Machi, katikati ya joto lenyewe, na usiku baada ya tarawehe ungeelewa Mji wa Kale unaipendea nini glasi hii.

Hata majina yanasimulia. Neno faluda na neno barafu yote asili yake ni Kiajemi. Upepo huu unaotukaanga sasa ndio uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Uajemi, Uarabuni na Bara Hindi hadi bandari hizi. Kwa hiyo mtu akiniambia utamaduni wa vitu baridi ulifika Pwani na mall, namwomba aangalie kamusi.

Na barafu ndiyo ninayotaka kufika. Namaanisha barafu ya ukwaju, ile ya kufungwa kwa karatasi ya nailoni, ambayo sijaiona kwenye orodha hata moja. Ukwaju unalowekwa, unafikichwa, unachujwa, unatiwa sukari. Kuna wanaotia chumvi kidogo, na kuna wanaotia pilipili, Mungu awabariki. Unamiminwa kwenye mfuko mwembamba, unapigwa fundo, unalala kwa friza usiku kucha. Kuna ya ubuyu, ya embe, ya maziwa na iliki. Bei ni ashu au mbao. Unang'ata pembe ya mfuko na unavuta.

Kwa kipimo changu, hii ndiyo bingwa. Imegandishwa kavu, kwa hiyo inachukua muda. Mfuko unazuia isimwagike. Ukali wa ukwaju unaleta mate, na kiu inakatika kweli. Sukari ya koni huiongeza. Unaweza kuila ukitembea, ukiwa umesimama kwa tuktuk, ukiwa kwenye feri. Haihitaji kiti kwa sababu aliyeitunga alijua huna kiti.

Lakini uhakiki si kusifu tu, na barafu ina maswali mawili magumu.

La kwanza ni maji. Mombasa haijitoshelezi kwa maji. Mengi yanasafiri kutoka mbali, toka Mzima kule Tsavo na Baricho, na mabomba yakikauka watu wananunua kwa mitungi kutoka kwa mikokoteni. Kugandisha hakuui vijidudu vyote. Vingine vinalala tu vikisubiri tumbo lako. Kwa hiyo uliza: maji yamechemshwa? Muulize kwa adabu, "Mama, samahani, maji haya ya kuchemsha?" Mama anayejiheshimu hakasiriki. Nimewahi kujibiwa kwa kuoneshwa sufuria.

La pili ni mfuko. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, pamoja na ile bapa isiyo na mikono, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Naiunga mkono, nimeona mifereji ya Majengo ikiziba. Lakini barafu nyingi bado zinafungwa nailoni, na baada ya mbao yako kuisha mfuko unabaki chini. Wapo waliohamia vikombe vidogo na vijiti. Vikombe vina gharama, vinachukua nafasi kwa friza, na ile raha ya kung'ata pembe inapotea. Hakuna jibu la bure hapa. Ila anayemhubiria mama wa friza moja, huku aiskrimu ya mall ikija na kikombe, kifuniko na kijiko cha plastiki, aanze na kijiko chake.

Kwa nini basi nang'ang'ana na kitu cha mbao? Kwa sababu ukwaju huohuo, ukitiwa kwenye bakuli dogo la hoteli na jani la mnanaa juu, unapewa jina la Kifaransa, bei inaongezwa sifuri, na mpishi anaitwa msanii. Mama wa Kibokoni anayechuja ukwaju saa nne usiku akiomba stima isipotee anaitwa "wale wanaouza barafu". Kazi ni ileile. Tofauti ni nani amekaliwa chini akaandikwa.

Na kumwandika nako kuna hatari. Sheria inamtaka anayeuza chakula awe na cheti cha afya na leseni. Wengi wa hawa kina mama wanauza mlangoni kwa jirani, na faida yao ndiyo inayonunua tokeni za kesho. Nikikupa mtaa na rangi ya mlango, kesho wewe utakuja na mbao, keshokutwa kanjo atakuja na risiti. Ndiyo maana humu hutapata nambari ya nyumba.

Nitakupa njia badala yake. Ingia Kibokoni, Majengo, Kisauni au Likoni baada ya alasiri, watoto wakitoka madrasa. Usiangalie juu kutafuta bango. Angalia mikono ya watoto. Wakiwa na mifuko midogo midomoni, fuata wanakotoka. Utakuta mlango uko wazi nusu, pazia limefungwa fundo, na kipande cha katoni kimeandikwa kwa kalamu: BARAFU ZIPO. Piga hodi, salimia vizuri, uliza maji, chukua ya ukwaju. Lipa kwa sarafu kama unazo, maana chenji huwa shida. Na mfuko ukiisha, tia mfukoni mwako.