Elimu Ilipopelekwa Sokoni

Kitabu kiitwacho Scholars in the Marketplace, kilichoandikwa na Mahmood Mamdani na kupigwa chapa mwaka 2007, chaeleza habari za Chuo Kikuu cha Makerere tangu mwaka 1989 hata 2005. Mwandishi alifundisha pale miaka mingi, naye aijua nyumba aisemayo. Kwa hiyo maneno yake yafaa kupimwa na kila mzazi atakaye mtoto wake asome.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua hata ikawa fahari ya Afrika ya Mashariki. Lakini baada ya miaka ya vita na taabu katika Uganda, mishahara ya waalimu haikutosha chakula, na majengo yalichakaa. Ndipo katika miaka ya 1990 chuo kikaruhusiwa kupokea wanafunzi wajilipiao ada, na kila kitivo kikaachiwa sehemu ya fedha kilizopata. Kabla ya miaka 10 kupita, wenye kujilipia waliwazidi waliolipiwa na serikali. Wengi walisifu, na mwaka 1999 David Court aliandika kuyaeleza mageuzi hayo kuwa mfano mwema kwa vyuo vingine.

Mamdani hakubali. Wala hasemi ya kwamba kupokea ada ni kosa. Asema watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kumfungulia mlango mwenye kulipa. La pili ni kuliachia soko liamue kipi kifundishwe, na nani akifundishe. Hilo la pili ndilo lililoleta madhara. Vitivo viligombea wanafunzi kama wachuuzi wagombeavyo wanunuzi, na idara ziliingilia masomo ya wenzao. Kitivo cha Sanaa kilinenepa, cha Sayansi kikakonda, maana vyombo vya maabara ni ghali. Mwalimu alifundisha mchana na jioni, asipate saa ya kufanya uchunguzi wake. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Hapa ndipo ilipo thamani ya kitabu. Twaambiwa mara nyingi ya kuwa mageuzi hufaulu waalimu wakishirikishwa. Basi, Makerere walishiriki kwa bidii. Lakini walishiriki katika kutafuta mapato kuliko katika kushauriana juu ya elimu yenyewe. Kumbe haitoshi kuuliza kama waalimu wameitwa barazani. Sharti tuulize wameitwa kunena nini.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kwanza, twaona kinawahukumu wakuu wa chuo kwa ukali kuliko kinavyopima njaa iliyowakabili. Mkuu ambaye waalimu wake wanatoroka hawezi kungoja mpaka shauri lote liwe safi. Pili, sauti ya mzazi aliyeuza ng'ombe au kahawa ili kulipa ada haisikiki vya kutosha, naye ndiye aliyeubeba mzigo. Tatu, kimeandikwa kwa Kiingereza kizito, hata wanaohusika wengi hawatakifikia.

Lakini hoja yake yasimama, nayo yahusu hata shule zetu ndogo. Fedha za ada zaweza kuezeka paa na kumlisha mwalimu, na hayo ni mema. Kuchagua lipi lastahili kufundishwa ni kazi ya watu wenye elimu na dhamiri, walioketi pamoja. Wazazi wanapokutana na walimu wakuu, wasiulize ada tu; waulize pia ni nani huamua masomo, na kwa sababu gani.