Masizi Kwenye Kioo

Mwalimu anaanza na koroboi. Anaitoa kwenye kabati la chini, anaitikisa sikioni kusikia kama mafuta ya taa yamo, kisha anauvuta utambi kwa ncha ya koleo mpaka utokeze kupita kiasi. Nyumbani, koroboi yenye utambi mrefu ni kero. Inachafua ukuta na pua za watoto. Hapa moshi ndio anaoutafuta.

Niko katika maabara ya fizikia ya shule moja ya sekondari mjini Tanga. Khanga zimetundikwa madirishani na kusukumwa pembeni, zikisubiri wakati wa kuzuia nuru. Wanafunzi wa kidato cha sita wameizunguka meza. Kazi ya leo ni kupima urefu wa wimbi la mwanga mwekundu, urefu usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kifaa cha kupimia bado hakipo. Kinatengenezwa sasa hivi.

Anachukua kioo cha hadubini, kile kipande chembamba cha mstatili, na kukishika kwa kibanio cha nguo. Hakisimamishi juu ya moto. Anakipitisha pale mwali unapokwisha na moshi unapoanza, kwenda na kurudi kwa mwendo uleule, kama mtu anayepiga pasi hariri. Akituama mahali pamoja, kioo kitapasuka kwa joto. Akiharakisha, masizi yatakaa mabaka mabaka. Mara tatu anaacha na kukiinua kuelekea dirishani. Mara ya kwanza naona mwembe wa nje kwa rangi ya kahawia. Mara ya pili naona weupe tu, bila umbo. Mara ya tatu sioni kitu. "Basi," anasema, na kukilaza kwenye kigae kipoe. Tabaka likizidi hapo litabanduka kama magamba wembe ukipita. Kisha anashika kioo cha pili, na cha tatu, na cha nne, na kila kimoja anakifanyia vilevile bila kufupisha hatua.

Vioo vinapopoa hakai bure. Ana kadi ngumu aliyoitoboa mianya miwili, na mchanga mkavu uliochekechwa. Anamimina mchanga polepole juu ya kadi, na chini yake kwenye karatasi vinainuka vilima viwili vidogo, kimoja chini ya kila mwanya. Anaziba mwanya mmoja kwa kidole, na kilima kimoja tu kinaendelea kukua. Halafu anavuta sinia la maji na kuchovya vidole viwili, juu chini, juu chini, kwa mdundo mmoja. Viduara vinatanuka kutoka kila kidole, vinakutana, na mahali vinapokutana maji yanagawanyika: penye kilele juu ya kilele yanainuka zaidi, penye kilele juu ya bonde yanatulia kabisa. Anawaachia wanafunzi watazame mpaka kila mmoja ameonyesha kwa kidole mahali palipotulia. Mchanga na maji, chembe na wimbi. Fizikia ya kale iliweza kuvipanga vitu vyake katika makabati hayo mawili. Newton aliuweka mwanga upande wa chembe. Thomas Young, daktari wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19 aliuhamishia upande wa mawimbi, na jaribio la leo ni la ukoo wake.

Sasa nyembe. Zinahitajika mbili, lakini anafungua pakiti na kupanga kumi, zimelaliana. Anazibana kwenye maikromita na kuzungusha kitufe cha mwisho mpaka kilie tiki-tiki, ishara kwamba mbano umetosha. Inasomeka milimita 1.00, kwa hiyo wembe mmoja ni milimita 0.10. Mwanafunzi mmoja anauliza kwa nini asipime mmoja tu. Mwalimu anamwonyesha mistari ya kifaa: jicho linaweza kukosea kwa milimita 0.01. Kosa hilo kwenye wembe mmoja ni sehemu ya kumi ya kipimo chote. Likigawiwa nyembe kumi, kila mmoja unabeba sehemu ya mia. Nimependa kwamba hakulitaja kama kanuni. Amepima mbele yao, na akajibu alipoulizwa.

Anabandika nyembe mbili pamoja kwa utepe, makali yakiwa sawasawa, na kuyahakiki kwa lenzi ya mkono. Anaweka rula juu ya kioo bila kuyagusa masizi, ikiegemea vijiti viwili vya kiberiti. Kisha anavuta pumzi, anaishikilia, na kuvuta nyembe kuelekea kifuani. Mvuto mmoja, usiorudiwa. Mlio wake ni mwembamba, kama kucha kwenye ganda la yai.

Cha kwanza hakikufaa: wembe mmoja haukugusa, ukapatikana mkwaruzo mmoja. Wengine tungekitupa. Yeye anakiandika "1" pembeni kwa kalamu na kukiweka kando kwa uangalifu uleule. Cha pili masizi yamechanika katikati ya mistari miwili na kuifanya barabara moja pana. Hicho anakifuta kwa pamba. Cha tatu anakitazama kwa lenzi kwa muda mrefu, anakigeuza, anakitazama tena, kisha anampa lenzi aliye karibu naye. Mistari miwili iliyonyooka, myembamba kuliko unywele, na kati yake ukuta wa masizi usiovunjika. Nami nilipewa lenzi. Sikutaka kuirudisha.

Kioo kinasimamishwa kwenye donge la plastisini. Kalamu ya leza inabanwa kwenye stendi ya chuma, kwa kimo ambacho macho ya mtu hayafiki, na wanafunzi wote wanasogezwa nyuma yake. Kutoka kwenye kioo hadi ukutani ni mita 3.00 kwa tepu, naye amepima mara mbili. Khanga zinavutwa. Leza inawashwa, na mwalimu anakisukuma kioo kwa kidole gumba, kidogo sana, mpaka mwanga uangukie mikwaruzo.

Mchanga ungetoa vilima viwili. Ukutani kuna safu ya madoa mekundu: doa na giza, doa na giza, saba yakionekana vizuri na mengine yakififia pembeni. Ni maji yale ya sinia, yamegeuka nuru.

Anabandika karatasi nyeupe, anaweka alama ya penseli katikati ya kila doa, na kupima kutoka la kwanza hadi la saba kwa mara moja: milimita 116. Nafasi ni sita, kwa hiyo kila moja ni kama milimita 19.3. Izidishe kwa umbali kati ya mikwaruzo, yaani unene wa wembe mmoja, igawanye kwa umbali wa ukuta. Chaki inaandika nanomita 644. Kwenye kalamu ya leza kiwanda kimeandika 650. Kwa koroboi na wembe, tofauti haifiki sehemu moja ya mia.

Lakini hajamaliza. Anachora alama ya mkasi penye giza, kati ya doa la katikati na jirani yake. Kisha anakitoa kioo kile na mahali pake anaweka kile kilichoharibika, chenye mkwaruzo mmoja. Safu inatoweka, inakuja nuru moja pana, na alama ya mkasi sasa inang'aa. Anarudisha mikwaruzo miwili. Alama inazama gizani. Anabadilisha tena na tena, bila kusema neno, mpaka mtu nyuma ananong'ona: "Kumbe kufungua mlango wa pili ndiko kunakoleta giza." Mwalimu anaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo anapoleta fizikia ya kwanta, kwa hesabu ubaoni. Mwaka 1900 Max Planck alilazimika kuihesabu nishati kwa mafungu. Mwaka 1905 Einstein akasema mwanga wenyewe uko kwa mafungu, haya tuyaitayo fotoni. Leza ya miliwati moja ya rangi hii inatoa fotoni zaidi ya trilioni 3,000 kila sekunde. Mwanga huchukua nanosekunde 10 kwenda mita tatu, kwa hiyo, kama masizi yasingezuia hata moja, wakati wowote zingekuwa zaidi ya milioni 30 njiani kati ya kioo na ukuta. Labda zinagongana na kupangana zenyewe? Je, zikipunguzwa mpaka ipite moja moja?

Mwalimu anainua kioo kingine cha masizi, ambacho hakijakwaruzwa. Mwaka 1909, kijana Geoffrey Taylor wa Cambridge alipunguza mwanga kwa vioo vilivyopakwa masizi, kama hiki. Chanzo chake kilikuwa mwali wa gesi, kizuizi chake sindano, na mbele yake bamba la picha. Mwanga ukafifia hata picha moja ikahitaji saa 2,000, karibu miezi mitatu. Alipolisafisha bamba, mistari ya nuru na giza ilikuwa mikali vilevile, kama ile ya mwanga mkubwa. Wajapani, chini ya Akira Tonomura, mwaka 1989 walionyesha jambo hilohilo kwa elektroni zikitua moja moja: kila moja doa lake, popote, na madoa yakizidi, mistari inajichora. Kila moja inatua kama punje ya mchanga, na zote kwa pamoja zinajipanga kama maji.

Darasa limenyamaza. Msichana mmoja wa mbele anasema, "Mwalimu, naomba nijaribu kukata."

Anampa kioo cha mwisho na nyembe. Anavuta. Mwalimu anatazama kwa lenzi. "Mmoja haujagusa, mwanangu. Kiganja kimelala." Anayafuta masizi kwa pamba, anakausha kioo kwa upindo wa koti lake jeupe, anauvuta tena utambi wa koroboi, na kutafuta kiberiti.