Ombi la Mzee Wirth, Likisomwa Nakivale

Mwezi Februari 1995 jarida la wataalamu wa kompyuta linaloitwa Computer lilitoa makala ya kurasa tano ya Niklaus Wirth, profesa wa chuo kikuu cha ETH kule Zürich, Uswisi. Kichwa chake ni A Plea for Lean Software. Huyu hakuwa mlalamishi wa pembeni. Ndiye aliyeunda lugha ya Pascal mwaka 1970, na mwaka 1984 alipewa tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna ya kuipita. Alifariki tarehe 1 Januari 2024, akiwa na miaka 89. Sisi pale kituo cha vijana tuliichapa makala yake kwenye karatasi, tukaisoma kwa sauti jioni tatu, mmoja anasoma Kiingereza na mwingine anatafsiri.

Tulikwama kwenye kichwa chenyewe. Programu ya namna gani? Mmoja akasema "nyembamba", mwingine "iliyokonda". Hapo watu wakacheka vibaya, maana tangu mgao wa chakula upunguzwe, hapa kwetu kukonda si sifa. Dada mmoja akaleta neno la buchani, nyama isiyo na mafuta. Mwishowe tukakubaliana na "nyepesi", na ndilo nitakalotumia, ingawa bado naona halitoshi. Kitu chepesi kinaweza kuwa chepesi kwa sababu hakina kitu ndani. Mzee anataka kitu kilichojaa kazi na kisicho na mzigo.

Anachosema ni wazi. Mashine zinaongezeka nguvu, lakini programu zinazidi kuwa nzito kwa mwendo mkubwa zaidi, kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya skrini anabaki anangoja vilevile. (Wenyewe wanaiita sheria ya Wirth, lakini yeye anasema wazo alilipata kwa mwenzake, Martin Reiser.) Anakumbusha kwamba miaka 25 nyuma programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi ilitosha kwenye baiti 8,000, na mfumo wa kuendesha kompyuta nzima ulijibana humo humo. Kufika 1995 watoto wa hizo programu walikuwa wanadai megabaiti. Yaani mzee alikasirikia megabaiti! Leo ukurasa mmoja wa kawaida wa intaneti umepita megabaiti 2, na disketi za enzi zile zilibeba 1.44. Ukurasa mmoja wa habari usingeingia kwenye disketi.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni pale anapotafuta sababu. Wengi wakiongea mambo haya wanasema "teknolojia" imefanya hivi na vile, kama vile teknolojia ni mvua. Wirth anataja watu. Wauzaji wanaongeza kila kitu mteja anachoomba, hata kama ni pambo tu. Watengenezaji wanasukumwa na muda, basi hawapati nafasi ya kurudi kupunguza. Watu wakiona kitu kigumu wanadhani ndicho cha akili. Halafu, taratibu kabisa, anasema kwamba mteja anayemtegemea muuzaji ana faida kuliko mteja aliyekielewa chombo chake, maana yule wa kwanza atalipia huduma mwaka hadi mwaka.

Hapo chumba kilinyamaza, kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Neno kutegemea tunalijua. Kila semina tunaambiwa tuache kutegemea, tujitegemee, tusimame kwa miguu yetu. Semina ikiisha tunapewa programu ambayo haifunguki bila mtandao, neno la siri liko ofisini, na likipotea unangoja mtu mmoja arudi kutoka likizo. Wirth hakuandika juu ya wakimbizi, lakini aya hiyo ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi hapa.

Sasa, pale ninapogombana naye. Mzee anawalaumu sana wateja, eti hawatofautishi kinachohitajika na kinachopendeza. Mteja wake ni mtu mwenye pesa anayechagua dukani. Huku kwetu anayechagua na anayetumia ni watu wawili ambao hawajawahi kuonana. Nichukue fomu moja ya kuombea kozi, iliyoletwa na shirika ambalo sitalitaja. Ilikuwa na picha kubwa juu, video iliyoanza kucheza yenyewe, na mahali pa kupakia cheti. Ukikawia kidogo, inakutoa na kufuta ulichoandika. Msichana mmoja wa kundi letu aliijaza mara nne kwa simu ya kuazima, kila mara bando linaisha kwenye cheti. Tarehe ya mwisho ikapita. Hakuna mtu hata mmoja pale kituoni aliyeomba ile video.

Na uzito una bei hapa kuliko mzee alivyofikiri. Yeye alihesabu nafasi ndani ya mashine. Sisi tunahesabu bando, tunahesabu pesa ya kuchaji simu kwa mwenye sola, tunahesabu picha za watoto tulizofuta ili programu ikubali kujisasisha. Ongeza na kodi. Uganda iliweka kodi ya mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku mwezi Julai 2018, na Julai 2021 ikaibadilisha kuwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo ile video iliyojichezea tuliilipia, kisha tukailipia na kodi.

Katikati ya makala Wirth anatoa ushahidi wake. Yeye na mwenzake Jürg Gutknecht walianza mwaka 1986 kujenga mfumo kamili walioupa jina Oberon, na moyo wake, pamoja na programu ya kuandikia na ile ya kutafsiri msimbo, ukaingia kwenye chini ya kilobaiti 200. Watu wawili tu! Vijana walishangaa, na mimi pia. Lakini ndipo hoja yake inapolegea. Anaongea kama vile kilichohitajika ni nidhamu na ladha nzuri. Hao wawili walikuwa maprofesa wenye mshahara wa chuo. Hakuna bosi aliyewaambia kitu kiwe dukani kabla ya Krismasi. Oberon ilibaki kusifiwa na wasomi wakati ulimwengu ukinunua vitu vizito, na mzee haulizi sana kwa nini.

Jibu ninaliona kwenye katochi, ile simu ndogo ya tochi ambayo karibu kila nyumba hapa inayo. Kenya ilipoanzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, huduma ilikaa kwenye menyu ya laini ya simu yenyewe. Hapa Uganda unabonyeza *165# na pesa inatembea. Ujumbe mmoja wa namna hiyo haubebi zaidi ya herufi 182. Hakuna picha wala video, na mama wa sokoni asiyejua kusoma vizuri amekariri namba za kufuata. Je, kampuni za simu zina nidhamu kuliko wengine? Sidhani. Zilijua pesa zao ziko kwa watu wenye simu ndogo, basi zikajipunguza. Uzito unafuata mlipaji. Pale anayelipa ni mfadhili wa mbali mwenye simu mpya, au mwenye matangazo, programu itanenepa tu, hata mtengenezaji akiwa mtu mwema. Matangazo Wirth hakuyaona, na hilo simdai, 1995 ilikuwa mapema.

Kuna jambo moja ambalo amelisema nusu, nami nataka kulimalizia. Pascal aliiunda kwa ajili ya kufundishia. Miaka ya sabini kundi lake lilitoa hata toleo dogo ambalo vyuo vingine viliweza kulihamishia kwenye mashine zao, mashine ambazo leo saa ya mkononi inazishinda. Wepesi ulimaanisha mtu wa mbali naye anaweza kuwa mtengenezaji. Linganisha na sasa. Chombo rasmi cha kutengenezea programu za Android kinadai kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8. Kompyuta zetu za msaada zina 4, na mbili kati yake hazikubali kuwaka sola ikichoka. Nina kijana hapa anaandika msimbo kwenye daftari la shule, kwa kalamu, halafu anangoja zamu yake. Akili anayo. Akisikia wageni wanasema vijana wa kambi wanahitaji "kuhamasishwa" kuhusu teknolojia, anatoka nje.

Kwa hiyo makala hii naipendekeza, hasa kwa ndugu zetu wa mashirika, kuliko ripoti nyingi za rangi tunazoletewa. Ni fupi, na hasira yake ni kavu, haina matusi. Kasoro yake ni kuamini kwamba mtaalamu akiaibika atabadilika. Mimi ningependa jaribio dogo kuliko aibu: kabla ya kuleta fomu au programu mpya, anayeilipia aifungue saa moja jioni kule Rubondo, kwa simu ya mkimbizi, kwa bando alilonunua mwenyewe, mpaka kitufe cha mwisho. Simu ya kufanyia jaribio tutamtafutia. Nakala ya makala iko kituoni, kwenye droo ya chini, na tafsiri yetu ya mkono imefika ukurasa wa tatu. Anayejua Kiingereza cha kompyuta aje Alhamisi atusaidie na mbili zilizobaki.